Mtutu wa Namba Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala alinipa bunduki kabla hata ya kunipa kiti. "Ina umri gani hii?" Nikaona herufi ndogo ya mwaka imegongwa kwenye mtutu, nikamjibu kwa kujiamini. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Umelisoma shati, kijana. Mvaaji hujamsoma."

Ilikuwa klabu ya kulenga shabaha kule Moshi, nami nilikuwa fundi mpya wa silaha zake. Ninyi vijana huenda hamjawahi kuzigusa, basi niwaeleze. Zilikuwa bunduki ndogo za mashindano, na risasi zake zina baruti ya kuwashia ndani ya ukingo wa ganda, ndiyo maana pini hugonga pembeni, si katikati. Bunduki ya namna hiyo ina umri wa aina mbili. Kuna mtambo, yaani lile bweta la chuma lenye komeo la kufungia risasi, halafu kuna mtutu. Mtambo ukitunzwa unazeeka polepole; mtutu ukichoka hubadilishwa. Kwa hiyo unasoma mihuri kote kuwili, unalinganisha namba, unachungulia mdomo wa mtutu kama una duara jembamba, dalili kwamba ndani umetiwa bomba jipya. Hapo ndipo unataja umri.

Yote hayo alinifundisha mzee yule kwa matusi ya upole. "Kichwa cha kuku wewe," alikuwa akisema, kisha ananimegea nusu ya chapati yake. Nilimpenda, sifichi.

Mwaka wa pili nikafanya madudu. Nilikuwa nasafisha namba saba, bunduki bora kuliko zote ghalani, kitambaa kikanasa ndani ya mtutu. Badala ya kumwita mzee, nikaigonga fimbo ya kusafishia kwa nyundo. Mifereji inayoizungusha risasi ikakwanguka vibaya. Katibu wa Klabu alikuwa ametangaza kwamba atakayeharibu silaha afungashe siku hiyo hiyo, nami nyumbani nina mke mjamzito. Mkuu wa Ghala alichungulia ndani. Kisha akafunga mlango, akachukua mtutu wa bunduki nyingine iliyokufa mtambo, tukaufunga pamoja. Kitabuni hakuandika kitu. "Kuanzia leo," akasema, "namba saba haifungui mtu ila mimi."

Maneno yale yaliniuma, jamani. Nilihamishiwa tawi la Arusha, nikarudishwa Moshi, nikapanda cheo, na bado aliifungua mwenyewe, mgongo kanigeuzia. Alipofariki nikakirithi kiti chake, lakini ubao wa namba saba, ile mbao inayoubeba mtutu, sikuutoa kamwe. Niliifuta juu juu, nikairudisha mahali pake. Kinyongo tu, hakuna kingine.

Sasa nimestaafu, nakaa Guangzhou, China, kwa binti yangu Neema, yule yule aliyekuwa tumboni. Ananunua jinzi kwenye karakana za Xintang na kuzisafirisha nyumbani kwa kontena. Huwa ananichukua nimkagulie mzigo, maana kila nguo naigeuza ndani kwanza. Laoban, mwenye karakana, akiniona tu anaguna.

Juzi mchana tulikuwa soko la nguo la Guangyuan Xilu, wabeba mizigo wanatupita na marobota, simu ikaita. Alikuwa Upendo, mtunza ghala wa sasa kule klabuni.

"Shikamoo Mzee. Mkaguzi wa silaha yuko hapa. Herufi ya mwaka kwenye mtutu wa namba saba hailingani na kitabu. Asipopata maelezo leo, anaipeleka kukatwa."

Nikisema kweli, namchafua marehemu. Nikinyamaza, namba saba inakuwa chuma chakavu.

"Baba, vipi?" Neema akaniuliza.

Nikasema. Mkaguzi akiwa anasikiliza, nikaeleza habari ya nyundo, mlango uliofungwa, na mtutu wa ile bunduki mbovu.

"Ushahidi uko wapi?" mkaguzi akauliza.

"Toeni ubao. Chini ya mtutu mtakuta namba ya bunduki ulikotoka. Nayo imo kitabuni, imeandikwa mbovu."

Nikasikia skrubu zikilegezwa, kisha ubao ukiwekwa mezani.

"Namba ipo, Mzee," Upendo akasema. "Lakini kuna maandishi pia, yamekwaruzwa kwa ncha ya sindano."

"Soma."

"'Mtutu wa kwanza niliuharibu mimi, Mkuu wa Ghala, kwa nyundo. Nimeweka huu. Fundi wangu hahusiki.'"

Loo! Kumbe mgongo ule ulikuwa unanificha hayo. Nimegeuza bunduki za watu maisha yangu yote, na hiyo moja nikainunia.

Mkaguzi akakohoa. "Mzee, namba saba itabaki, mradi nipate barua ya maelezo. Ila hapa kila mtu anasema kosa ni lake. Niandike nani?"

Nilimtazama Neema, amesimama na robota la jinzi miguuni, machozi yakanitoka mbele ya soko zima.

"Niandike mimi," nikasema. "Mzee huyo amedanganya."