Simu ya Upepo Niliyoitoa Ijaribiwe

Nakumbuka asubuhi moja ya kifuku, mvua imetupiga wiki nzima kambini, nimekaa mbele ya simu ya upepo na blanketi mabegani, nikasema maneno madogo ambayo mpaka leo hayajanitoka kifuani. Nilisema, "Chukueni ya kwangu."

Mwanangu, nimeyakumbuka kwa sababu ya ulichoniambia Jumapili. Ulisema ofisini kwenu wametafuta kompyuta ya mezani ya kujaribia vifaa vipya ambavyo vinaweza hata kuiunguza, watu wote wakanyamaza, wewe ukanyoosha mkono ukaitoa ya idara yenu. Ulikuwa unacheka uliponieleza. Mimi sikucheka, ukadhani sikuelewa. Kompyuta kweli siijui. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma huku baba ananiuliza nyanya za Ilula atazipalilia nani. Lakini huko kunyoosha mkono nakujua.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mtunza kambi ya mradi wa kupima ardhi, kule bondeni Usangu, kutoka Chimala ni siku nzima kwa trekta njia ikiwa kavu. Kifuku kikikolea njia haipo, ni tope na maji mpaka jicho linapofika. Wapima ardhi wenyewe huondoka mvua zikianza. Tunabaki wawili wa kulinda mahema na vyombo, mimi na Mzee Mwaipopo, mlinzi, Mnyakyusa mmoja mpole sana. Kaptula yake ya kazi aliipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, na wa kumwona ni ng'ombe wa Wasukuma tu. Hao walikuwa wamehamia na mifugo yao kutoka kaskazini, walitupa maziwa nasi tukawapa chumvi. Watu wema, lakini ngoja nisipotee.

Simu ya upepo ni redio ya kusemea. Inakaa mezani, kubwa kama sanduku la bati la shule, na inakula betri ya gari. Kila siku saa mbili asubuhi makao makuu Iringa wanaita vituo kimoja kimoja, Mbeya, Chimala, Ilula, halafu sisi wa mwisho. Kila mmoja anajibu, "Salama, ova," yaani nimemaliza, sema wewe. Kituo kisipojibu, Iringa anasema, "Hao betri imekwisha," anaendelea na mwingine. Betri zilikufa kila mara, hakuna aliyeshtuka kwa kimya cha mwenzake.

Mambo ya kazi yakiisha tuliachiwa dakika mbili tatu za mambo ya nyumbani. Hizo zilikuwa za Mzee Mwaipopo. Mke wake alikuwa amelazwa hospitali Mbeya, tumbo limemshika. Dada Atu, aliyesemea simu ya Mbeya, alikuwa akitoka kazini anapita wodini kumwangalia, na kesho yake anamsalimu mzee kwa Kinyakyusa na kumletea habari. "Ugonile, Tata. Mama kanywa uji." Au, "Mama leo kakaa kitako, kakusalimu." Mzee alisikiliza amesimama, kofia mkononi kama yuko kanisani, kisha ananiambia, "Mwambie nimesikia." Basi, anakwenda kuchota maji. Siku yake ilianzia hapo. Likizo alikuwa ameomba, akajibiwa asubiri mwisho wa mwezi. Lakini walikuwa wamepatana na Dada Atu: siku atakayomwambia "njoo", anaondoka, likizo au hakuna likizo.

Sasa, asubuhi hiyo ninayokwambia, akaingia hewani Fundi Sanga wa Iringa. Kijana hodari, mikono yake haitulii. Akasema, "Nimetengeneza kisanduku cha kuchukua umeme moja kwa moja kwenye jenereta ya pampu ya maji ya kituo, tuachane na hizi betri. Nataka simu moja ya kujaribia. Sifichi, inaweza kuungua. Nani anatoa? Ova."

Dada Atu akasema, "Mbeya hatutoi. Hapa kuna watu wanaoitegemea."

Ilula akacheka. "Fundi, anza na baiskeli yangu kwanza, ikipona tuongee."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanangu. Bosi wa mahema matupu. Hakuna aliyekuwa akinisikia zaidi ya ile "salama" yangu ya asubuhi. Nikabonyeza kitufe. "Chukueni ya kwangu. Kituo changu hakina kazi, ova."

Wakanishangilia hewani. "Huyo ndiye mwanaume!" Nikajisikia mrefu mle hemani.

Nyuma yangu Mzee Mwaipopo akasema taratibu, "Umesema hakina kazi?"

"Kazi gani, mzee? Kuhesabu vyura?"

Akacheka kidogo, kwa adabu. Kisha akauliza, "Na ile ya kwangu itakuwaje?"

"Siku moja tu, mzee. Hata hutajua."

Siku ya tatu mvua ilikuwa imepumzika kidogo, Fundi Sanga akaja na trekta kutoka Chimala, ametapakaa tope mpaka kope. "Kamwene!" akasalimia kikwao. Hata chai hakunywa. Akaunga nyaya zake, akawasha jenereta, simu ikalia kama nyuki kwenye debe, moshi ukatoka, ikanyamaza. Harufu yake ilikaa kwenye hema mwezi mzima. Yeye hakusikitika. Alikuwa anaandika kwenye daftari na uso unang'aa. "Nimeliona kosa," akasema. "Naipeleka Iringa, siku tatu nairudisha."

Alipokuwa anaipakia, Mzee Mwaipopo akatoka na mfuko wake. "Naomba nipande mpaka Chimala. Bila simu nitakaaje hapa?"

Nikamwambia, "Mzee, si juzi tu umesikia mama kala ndizi? Siku tatu hizi una haraka gani? Ukiondoka nitalinda mahema na nani?"

Ukweli ni kwamba niliogopa kubaki peke yangu. Sikumwambia hivyo. Yeye ni sawa na baba yangu, lakini funguo za kambi zilikuwa mfukoni mwangu, basi akauweka mfuko chini. Trekta likaondoka na nafasi yake tupu.

Mvua ikashuka siku hiyohiyo. Njia ikakatika. Siku tatu zikapita, zikawa tano, zikawa tisa. Na kila siku saa mbili asubuhi mzee alikuja akasimama mbele ya meza ile tupu, kofia mkononi. Akikaa hapo dakika zake anatoka. Mimi nikajizoeza kwenda chooni saa hizo.

Siku ya kumi akaja Masanja, jirani yetu Msukuma, katoka mnadani Chimala kwa miguu, maji kiunoni. Kofia yake ilikuwa na karatasi ndani, kapewa na yule wa simu wa Chimala. Mzee hakujua kusoma, akanipa mimi. Mstari wa kwanza ulisema: "Mzee aje, mama anamwita." Nikausoma kwa sauti. Kabla sijameza mate mzee ameshageuka, anafunga mfuko.

Chini yake, kwa wino mwingine, kulikuwa na mstari wa pili: "Mama tumemzika jana."

Sikuusoma. Nakwambia wewe, hata mama yako sijawahi kumwambia. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikasimama mlangoni nikamwangalia mzee anaingia kwenye maji na mfuko kichwani. Alikuwa hatembei, anakimbia. Nilijua hakuna tena cha kuwahi, nikamwacha.

Alirudi baada ya mwezi kuchukua vitu vyake, kazi ameacha. Simu nayo ilikuwa imesharudi, iko mezani, inafanya kazi na kile kisanduku, haitaki betri. Maana Fundi Sanga hakukosea. Aliona kosa kwenye simu yangu iliyoungua, akalirekebisha, vituo vyote vikapata. Mimi nililetewa barua ya pongezi yenye muhuri, kwa kujitolea. Nilikuwa nayo mfukoni siku hiyo mzee aliporudi.

Nikamsalimia, akaitika. Akakunja blanketi lake, akachukua pasi yake. Halafu akasema, "Dada Atu alituita siku nne, akidhani jaribio limeshaisha. Iringa, bila hata kuuliza simu iko wapi, wakamwambia betri yetu imekwisha."

Mkono wangu ukaenda kwenye ile barua mfukoni.

"Na ile karatasi ilikuwa na mstari wa pili. Kaniambia mwenyewe aliyeuandika, yule wa simu wa Chimala."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikimbia," akasema. "Kwa umri huu, kwenye maji yale, siku mbili nilikimbia." Akaangalia simu pale mezani. "Najua ilikuwa ya ofisi. Ila ungeniuliza kabla hujasema haina kazi."

Akaondoka. Sikumwona tena. Barua ya pongezi niliitia jikoni siku hiyohiyo, haikunisaidia kitu.

Basi mwanangu, sikukatazi kujitolea. Vitu vipya lazima vijaribiwe mahali, na anayejaribu si mtu mbaya. Lakini toa kilicho chako, jasho lako, siku yako ya mapumziko. Kitu cha ofisi hukijui chote. Wewe unajua saa zako za kukitumia tu, na mimi nilipima simu ile kwa kazi zangu, nikaona haina kazi. Kesho nenda ukaulize nani anakaa kwenye kompyuta hiyo wewe ukiwa hupo, na ndani yake anangoja nini. Muulize hata mfagizi. Akiwepo mmoja wa kusema, "Na ya kwangu itakuwaje?", usimtanie. Rudi kwa wakubwa wako uwaambie umeondoa mkono. Watakucheka siku mbili.

Na kama mambo yameshaharibika, soma mstari wa pili. Usome kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya mwenye msiba, hata kama sauti inakukatika. Simu iliungua kwa bahati mbaya. Lile la karatasi nililifanya kwa akili zangu, na ndilo linaloniamsha.

Mungu akupe moyo wa kuuliza kabla ya kutoa, na mdomo wa kukiri baada ya kukosa. Akuzeeshe vizuri, mwanangu, uwe na usingizi ambao mimi sina.