Spika Nzito

Mende wa ndani ya spika hafanani na mende wa jikoni. Ni mweupe kidogo, mlegevu, ameshiba gundi na karatasi, na ukimfunulia mwanga hakimbii. Anakutazama tu kama mwenye nyumba aliyeingiliwa. Antipasi alikuwa amewatoa mende hao kwa miaka ishirini na moja, kwenye meza yake ya ufundi barazani mwa duka la marehemu mzee Pradeep, Singida mjini, na hakuwahi kuwazoea. Pamoja nao alikuta punje za mtama, sindano za kushonea, na vinyesi vya kuku, kwa sababu nyumba nyingi za huku hulaza kuku sebuleni na kuku hupenda kulala juu ya spika. Siku moja alikuta meno matatu ya mtoto, yametumbukizwa moja moja kwenye tundu la hewa.

Aliyafuta yote hayo kwa kitambaa na hayakumkosesha chakula cha mchana. Ule ni uchafu wa watu wanaoishi. Kilichomchefua Antipasi, mpaka mate yakawa yanamjaa mdomoni kama ya mgonjwa, ni spika mpya.

Zilikuja ndani ya maboksi yenye picha za moto na simba. Ngozi yake ya bandia ilinuka kama kiatu kilicholowa. Zilikuwa na taa za bluu na nyekundu zilizopepesa hata pasipo na muziki, na stika ya dhahabu iliyosema wati elfu kumi, umeme ambao ungetosha kuendesha mashine ya kukamulia alizeti, huku waya unaoingia nyuma ukiwa mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Usoni zilikuwa na vipaza vitatu. Nyuma ya viwili hapakuwa na waya wala sumaku. Ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, macho ya maiti. Na nyuma ya kile kimoja kizima, pale sumaku inapokaa, palikuwa pamegandishwa donge la saruji, limeviringwa vizuri na kupakwa rangi nyeusi.

Donge hilo lilikuwa na kazi yake. Mnunuzi wa huku hachagui spika kwa masikio. Huchagua kwa mkono, kama anavyochagua kuku mnadani: anamshika mabawa, anamwinua, anampima kidari, kisha uso unamchangamka. Kuku mzito ndiye kuku. Spika nzito ndiyo spika.

Jumanne moja asubuhi Mama Kristina alishuka kwenye basi la kutoka Mkiwa akiwa amepakata mzigo uliofungwa kwenye kitenge. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye nyumba ya kulala wageni ya vyumba vinane pale njia panda, na ukumbi ambamo madereva wa malori hula na kutazama filamu. Aliweka mzigo mezani kwa Antipasi bila kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Antipasi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimefika. Nimeambiwa nisinunue kitu humu ndani mpaka wewe uitikie kwa kichwa."

Antipasi aliinamisha uso, akafungua kitenge. Ndani palikuwa na risiva ya sinema ya nyumbani, ile mashine ya kusukumia sauti kwenye spika, nyeusi, pana, isiyo na taa hata moja ya kujionyesha. Mhandisi wa barabara aliyepanga kwa Mama Kristina miaka miwili alikuwa amemwachia kama zawadi ya kuagana. Antipasi aliigeuza akasoma mgongoni: njia tano za spika na moja ya sabufa, spika za omu sita hadi kumi na sita. Aliinusa. Ilinuka chuma safi na vumbi kidogo. Ilikuwa miezi mingi tangu kitu kikae juu ya meza ile bila kumtia kinyaa.

"Mama, hii ni mashine," alisema.

"Najua ni mashine. Nataka iwe na sauti. Gari likipita kwenye filamu nilisikie nyuma ya kisogo, kama kwa yule mhandisi."

Karan, mtoto wa mzee Pradeep na mrithi wa duka, alikuwa amekwisha kutoka dukani na spika mbili kwapani, jasho likimtoka. Alizaliwa mjini hapa hapa, na kwa utani wa Kiswahili aliwashinda wenzake wote wa shule.

"Mama, shikamoo! Mama wa Mkiwa haondoki na kitu chepesi. Shika mwenyewe. Mimi sisemi neno."

Mama Kristina alishika, akainua, akaguna kwa raha. "Mh! Hii ina nyama."

"Kilo tisa kila moja. Na ndugu zake watatu wako ndani. Fundi, au vipi?"

Hapo ndipo pahali pa kuitikia kwa kichwa. Antipasi hakuwahi kulipia meza ile wala kivuli cha baraza lile. Alilipa kwa shingo. Karan akisema "au vipi", shingo ya Antipasi ilikunjika, mteja akaondoka na maboksi yake, na baada ya wiki sita akarudi na spika zake kwenye meza ile ile, zikinuka kuungua.

Alichukua mita yake, akagusisha ncha mbili nyuma ya spika. Stika ilisema omu nane. Mshale ulisema tatu kasoro. Aligusa tena, ingawa alijua. Risiva ile nzuri ingefungiwa spika hizi tano, ingesukuma umeme mpaka ichemke, na siku moja ukumbi ukiwa umejaa, ingetoa harufu ile anayoijua, tamu, ya kutapisha, ikafa. Alitazama meza yake, bisibisi zake zimepangwa kwa urefu. Alitazama kitenge. Shingo ilikataa.

"Mama, hizi zitaiunguza."

"Fundi leo ameamkia upande gani?" alisema Karan akicheka, lakini macho hayakucheka.

"Una kisima pale kwako, mama?"

"Ninacho, cha pampu."

"Omu ni wembamba wa bomba. Pampu yako imetengenezwa isukume maji kwenye bomba la kiasi. Ukiifungia bomba pana kama pipa, inasukuma bila kupata pa kujizuia, mpaka inaungua. Hizi ni mapipa."

Aliingia dukani bila ruhusa, akapanda ngazi, akashusha boksi moja lililojaa vumbi kutoka rafu ya juu. Lilikuwa la mwisho kuagizwa na mzee Pradeep kabla hajafa, na hakuna aliyelitaka. Ndani mlikuwa na spika tano za kijivu na sabufa yake, zote za ukoo mmoja. Sumaku zake zilikuwa za aina mpya, ndogo lakini kali. Alipima: omu saba kamili. "Zote zina koo moja," alieleza. "Gari likitoka mbele likaenda nyuma, haligeuki pikipiki njiani."

Mama Kristina aliinua moja kwa vidole viwili. Uso ulimshuka.

"Antipasi. Hiki ni kifaranga."

"Sikiliza kwanza, mama."

"Nisikilize nini? Mkono wangu hauna masikio, lakini haudanganyiki. Au umeniona wa kuja? Nimetoka Mkiwa na nauli yangu nije kununua hewa?"

Antipasi alishika bisibisi, akavuta ile spika nzito.

"Ukifungua, umenunua," Karan alisema taratibu.

Alifungua. Skrubu nne, uso wa spika ukabanduka na kwikwi ya gundi. Alipitisha mkono kati ya macho ya maiti na pamba iliyooza, akang'oa donge, akaliweka juu ya kioo cha meza ya duka. Rangi nyeusi ilichubuka, saruji ikaonekana, na unyoya mdogo wa pamba umenasa juu yake kama uvimbe. Mama Kristina aliligusa kwa kucha, akajipangusa mkono kwenye kanga.

"Mavi," alisema. "Nilikuwa nabeba mavi."

"Mama, usiniangalie mimi tu," alisema Karan. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, isiyo na utani. "Muulize fundi tofali la kwanza ndani ya spika za duka hili aliliweka nani. Marehemu baba alinihadithia mara mia."

Antipasi hakujitetea. Alieleza akiangalia donge.

Mwaka wake wa pili barazani alikuja mkulima kutoka Mkalama, mtu mpole aliyeitwa Petro, ametoka kuuza vitunguu. Antipasi alimchagulia spika nzuri kuliko zote dukani. Petro aliinua, akairudisha: nyepesi. Akashika njia kwenda duka jingine kununua takataka. Antipasi alimwonea huruma, akamwita, akamwambia ipo nyingine ya namna ile ile, ila nzito. Akaenda uani, akafunga nusu tofali kwenye kitambaa, akaligandisha ndani ya ile ile. Petro aliinua na kucheka kama bwana harusi. Mzee Pradeep alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Antipasi, umemtibu." Na kweli Petro alikwenda na sauti nzuri, kwa kuwa spika ilikuwa nzuri.

Kisha akaja jirani ya Petro. Kisha shemeji yake. Kila mmoja alipimia mkono. Baada ya muda ikaonekana kwamba tofali likiwapo, spika nzuri haihitajiki. Na baada ya miaka maboksi yakaanza kufika yakiwa na saruji ndani tayari, imeviringwa kiwandani. Antipasi hakujua kama habari ilitoka Singida ikaenda huko duniani, au kama kila mji una Antipasi wake.

Mama Kristina aliokota tena moja ya zile spika za kijivu.

"Kwa hiyo vifaranga hivi ndivyo vizuri?"

"Ndivyo."

"Hakika?"

"Kwa zile mbovu nilizozifungua hapa miaka ishirini nikimeza mate, mama, ndivyo."

"Basi nachukua. Lakini hilo donge litie humu. Unawajua wanaume wa Mkiwa? Kila atakayeingia ataziinua."

Antipasi alilichukua donge mezani. Tofali la Petro lilikuwa limemzunguka miaka yote, likamrudia mkononi. "Siweki," alisema. "Spika za nyuma mahali pake ni ukutani, juu ya kichwa. Na za mbele tutazibana hivyo hivyo kwa chuma. Hakuna atakayeinua kitu."

Mama alifikiri, akakubali. Karan alifunga boksi mwenyewe kwa kamba, kwa ustadi, kama alivyofundishwa na baba yake. Mama alipokwenda kutafuta bajaji, Karan alisema bila kumtazama Antipasi, "Jioni uondoe meza, fundi. Si kwa ubaya. Ila ukifungua moja mbele za watu, nitauza nini?"

"Ungeuza hizi."

"Nani angenunua?"

Antipasi alitia donge la saruji kwenye mkoba wake, lisije likagandishwa kwingine, akabeba meza kwenda nayo nyumbani Utemini.

Siku ya Alhamisi alikuwa Mkiwa, juu ya ngazi. Alipiga hesabu ya kila pembe, akakaza nati, akapitisha nyaya darini. Saa nane mchana, jua likiwaka, walijaribu filamu. Mvua ikaanza kunyesha upande wa kushoto, ikaenda nyuma, ikazunguka ukumbi mzima. Jikoni Damari mpishi alitupa mwiko, akakimbia nje kuanua alizeti zilizoanikwa. Alirudi akiwa mkavu, akatukana, na wote wakacheka, hata Antipasi.

Alikuwa akikusanya vifaa vyake alipoingia Mazengo, mwenye kibanda cha kuchaji simu ng'ambo ya barabara. Alisikiliza kidogo, akanyoosha mkono kwa spika ya nyuma. Haikufikika.

"Fundi, zina kilo ngapi hizi?"

Antipasi alitazama mvua ya filamu, ambayo bado ilikuwa inanyesha pande zote. Kisha akaingiza mkono mkobani, akatoa lile donge na kumwekea kiganjani.

"Hili ndilo linalotiwaga ndani ya spika kuzipa uzito. Saruji. Halitoi sauti, halifanyi chochote. Kilo mbili. Pima, upone."

Mazengo alilipima, juu, chini, kama mtu apimaye kidari cha kuku. Aliligeuza. Uso ukamchangamka.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, akisogea karibu, "mimi ninazo zangu pale kibandani. Zinalia vizuri, ila nyepesi. Huwezi kuniwekea?"

Antipasi alitoka nje. Alisimama ukingoni mwa turubai la alizeti, mikono magotini, akatema mate, akatema tena, na ladha ile ya spika mpya haikuondoka.