Mjane wa Pichani Ana Mume Nyumbani

Saa mbili na nusu asubuhi, mama wa miaka hamsini na mbili anapanda jukwaa la mbao katikati ya darasa la kuchora. Anaketi, anaweka nyayo zake ndani ya alama za chaki sakafuni, anatafuta msumari ukutani na kuukazia macho. Mwalimu anabonyeza saa. Kwa dakika arobaini zijazo, mama huyu hatatikisa hata kidole.

Chaki zile si pambo. Akishuka kupumzika, ndizo zinazomrudisha palepale. Unyayo ukihama kidogo tu, wanafunzi ishirini wanaharibikiwa na kivuli.

Hii ndiyo kazi yake: kukaa ili achorwe. Ameifanya kwa miaka kumi na minne katika chuo hiki cha sanaa, siku tatu kwa wiki, saa nne kwa siku. Wanafunzi humwita Mama Nanga, maana akitua ametua. Malipo ya siku moja hutosha chakula cha nyumbani cha siku mbili, basi.

"Watu wanadhani nimekaa tu," anasema akinyoosha kiuno. "Kaa wewe dakika kumi bila kujikuna, halafu uje uniambie."

Mwandishi wa makala haya alijaribu. Dakika ya nne pua ikaanza kuwasha, ya sita akasalimu amri.

Kilichomfanya ajulikane, na kilichomkera, ni picha moja. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alimchora kwa rangi za mafuta akiwa ameshika tama, macho chini. Akaiita picha hiyo Mjane. Ikashinda tuzo, ikatundikwa ukumbini, na mwanafunzi akaenda zake ng'ambo. Tangu hapo, wanaosoma historia ya sanaa hupelekwa mbele ya picha hiyo kila mwaka, kwenye somo la utambulisho na uwakilishi: nani anaonyeshwa, nani anayeonyesha, na nani mwenye haki ya kusema maana yake.

Tatizo ni kwamba Mama Nanga hajafiwa. Mumewe yupo, ni fundi wa pampu za maji, anakula vizuri na kukoroma vizuri zaidi. Wenzake wa karakana walipoiona picha siku ya maonyesho, walimbatiza Marehemu, na jina likaganda.

"Simu ikiita, anayepokea anasema, subiri nikuitie Marehemu," anaeleza fundi huyo akifuta grisi mikononi. "Mimi nacheka. Mama watoto ndiye asiyecheka."

Hacheki kwa sababu anajua kilichotokea siku ile alipochorwa.

"Jino," anasema, akigusa shavu la kushoto. "Gego lilikuwa linanipwita tangu alfajiri. Nikashika shavu kwa maumivu, yule kijana akaniambia, mama, baki hivyohivyo, usitoe mkono. Saa nane mchana nikaenda kung'oa, nikajua yamekwisha."

Wapi. Mwaka huu akasikia kwamba mhadhiri wa historia ya sanaa ameandika kitabu cha kufundishia, na Mjane amepewa kurasa mbili. Karani wa ofisi akamwonyesha rasimu. Iliandikwa kwamba mkono ule shavuni ni wa mwanamke aliyeporwa nguzo yake, na kwamba "amekaa akiwa amekwisha kukata tamaa". Kitabu kilikuwa kinakwenda kiwandani kuchapwa Ijumaa.

"Ujane ningeusamehe," anasema, na hapa sauti inapanda. "Lakini kukata tamaa? Nilikuwa na jino na homa, na bado sikutikisika mpaka saa zangu nne zikaisha. Huko ndiko kukata tamaa? Wajukuu wangu waje wasome hivyo? Nikasema hiki kitabu hakiendi hivi."

Jumatano aliingia kwenye mhadhara, akaketi mstari wa nyuma na kunyoosha mkono. Mhadhiri, mwanamke mpole mwenye miwani miwili anayoivaa kwa zamu, alimjibu kwa heshima. Picha ikitoka mikononi mwa mchoraji ina maisha yake, alisema, na nadharia haimfuati aliyechorwa kujua alikuwa anawaza nini.

"Sawa, mwalimu," akajibu Mama Nanga. "Ila hukuandika picha imekata tamaa. Umeandika mwanamke amekata tamaa. Huyo mwanamke ni mimi, nipo hapahapa chuoni. Ungeniuliza."

Kisha akaomba kiti, akakaa mbele ya darasa, akashika tama. "Andikeni mnachokiona."

Wanafunzi walikuwa thelathini na wanne. Thelathini na mmoja waliandika huzuni, wawili uchovu. Msichana mmoja peke yake aliandika: yuko kazini. Mama Nanga akawaambia kwamba muda wote huo alikuwa anahesabu vioo vya madirisha, na kwamba kimoja kimepasuka, wakamwambie msimamizi.

Mhadhiri hafichi kitu. "Miaka yote nafundisha kwamba tusiwasemee watu," anasema. "Na mtu mwenyewe napishana naye kwenye ngazi, tunasalimiana. Nilitahayari kweli."

Alikizuia kitabu wiki mbili. Jina la picha limebaki, kwa kuwa ni la mchoraji. Maneno ya kukata tamaa yamefutwa, na ukurasa mmoja umeachwa mtupu ili Mama Nanga aujaze mwenyewe, kwa maneno yake.

Sasa yuko kwenye rasimu ya nne, mezani jikoni, kalamu imeng'atwa mpaka imechakaa. Sentensi ya kwanza ndiyo pekee ambayo hajaigusa tangu siku ya kwanza: "Mwanamke huyu anafanya kazi, na anaijua."

Ameshajaza pia fomu ya cheti cha historia ya sanaa. Asubuhi ataendelea kukaa, mchana atasoma. Anataka siku moja asimame mbele ya darasa, aonyeshe picha ya mtu yeyote yule, na kabla hawajaandika neno awaulize: mmemuuliza mwenyewe?

Na kama mwenyewe ameshakufa?

Mama Nanga anachukua kalamu yake. "Basi waanze kwa kuuliza kama kweli amekufa."