Redio Iliyosikia Bila Kusikika

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, na kila niikumbukapo roho huniuma. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa redio za magari huko Changamwe, nikijiona sina mwenzangu.

Enzi hizo redio ya gari la wagonjwa ilikuwa sanduku zito la chuma. Ndani zilipangwa taa za kioo, ambazo sharti zipate moto kwanza, na kando yake kijimkono cha shaba. Ukibonyeza kitufe, kijimkono huihamisha eriali kutoka upande wa kusikia hadi upande wa kusema. Eriali ni moja tu, basi zile pande mbili hupokezana.

Kalume, dereva wa gari la wagonjwa la Likoni, aliniletea redio yake ikikatakata. Nikaifungua, nikafuta masizi, sauti za hospitali zikaja safi. Mwalimu wangu, Fundi Athmani, alikuwa anakwenda msikitini.

"Usimpe Kalume gari mpaka nirudi," aliniambia. "Wewe utasema garini, mimi nikujibu humu ndani. Usipojibiwa, hujaitengeneza."

"Sawa, Mzee."

Lakini Kisauni kulikuwa na mpira, na mimi na mpira, wacha tu. Nikamwambia Kalume redio imepona, aende zake.

Kesho yake asubuhi Zuhura, bintiye Fundi Athmani aliyeolewa Mtongwe, mimba ilimharibikia, damu haikatiki. Kalume akampakia na mamake, akabonyeza kitufe kuomba feri ingojeshwe, maana hospitali iko ng'ambo ya maji. Wapi! Aliwasikia wa hospitali wakimwuliza, "Uko wapi? Mbona hujibu?" Akawapigia kelele njia nzima. Alipofika kivukoni, feri imeshaondoka. Zuhura alifia pale wakiingojea irudi, mkono wake umo mkononi mwa mamake.

Siku ya nne baada ya maziko mwalimu wangu alirudi kazini. Akaniagiza niiweke redio ile chumba cha nyuma, niseme. Nikabonyeza, nikaita mpaka sauti ikanikauka. Nilipotoka nilimkuta mbele ya redio ya pili, ndevu zimelowa machozi.

"Umenisikia, Mzee?"

"Sikukusikia, mwanangu. Na Kalume hawakumsikia."

Akalifungua sanduku. Kijimkono kilikuwa kimeungua ncha ya upande wa kusema. Mimi nilisafisha ile ya kusikia, hii sikuitazama kabisa. Hakumwambia mtu, wala hakunifukuza. Wallahi, heri angenipiga.

Mwanangu, sasa na wewe umeshika ufundi. Usikabidhi kazi kwa kuwa imekuridhisha wewe. Nenda ukakae atakapokaa mwenye shida, ujaribu kama yeye. Na anayejua akikwambia umngoje, mngoje. Mpira ulichezwa tena Ijumaa iliyofuata. Zuhura ndiye hakurudi.

Mungu akupe mikono yenye subira, na yeyote atakayeita kwa kazi ya mikono yako, aitikiwe. Amin.