Gome la Muburu

Kwenye gunia la makaa kutoka Kiritiri nilikuta kipande ambacho hakikuungua vizuri, gome likiwa bado limeshikilia. Nilipopitisha kidole kwenye mifereji yake mirefu, nikamsikia tena nyanya yangu, kama utotoni tukiwa porini: "Fumba macho. Shika gome kwanza."

Kisha akanipa jani la vidole vitano, lenye manyoya laini. "Huyu anakusalimia. Ni nani?"

Sikujua, mpaka aliponitia mdomoni tunda jeusi, tamu, la harufu nzito.

"Muburu!"

"Basi. Huyo hutamsahau hata ukipofuka."

Sasa, kando ya gunia, binti yangu akanichungulia. "Mama, huo ni mti gani?"

Sikuwa na jani la kumpa, wala tunda.

"Ni makaa tu," nikasema, nikakitia kile kipande kwenye moto wa jiko.