Daktari wa Bahari

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya simu posta. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa mtaa wa Kuze, akimngoja bintiye mhandisi aliyekuwa kibandani akizungumza na mwalimu wa chuo kikuu Ulaya. Binti akatoka mikono kifuani.

"Mama, nimekubaliwa kusomea udaktari wa uhandisi! Wale wa chuo wangoja jibu leo. Niruhusu."

"Wasomea nini hasa?"

"Nitatengeneza mfano wa bahari yetu ndani ya kompyuta. Meli ikimwaga mafuta, tujue mapema yataelekea wapi."

Mama akanigeukia, kana kwamba mimi ndimi mkalimani. Nikatazama saa.

"Maji yataingia vipi kompyuta?"

"Hayaingii, mama. Ni hesabu tupu."

"Na bahari i hapa?"

"I hapa."

"Na wewe wenda huko kuisoma?"

"Huko ndiko kwenye hizo kompyuta."

Mama akamshika shavu. "Sijafahamu hata kidogo, mwanangu. Lakini nenda."

Binti akarudi kupiga simu huku akilia. Alipomaliza, mama naye akaingia, akampigia kakake wa Bondeni.

"Mpwao apata udaktari! La, si wa watu. Wa bahari." Akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja, akanitolea kichwa mlangoni. "Baba, auliza bahari yaumwa nini. Nimjibu vipi?"

Mimi ndimi ninayejidai kwenye safu hii kila wiki kujua mambo.

"Mwambie bado yachunguzwa," nikasema.