Kuni za Oslo

Shangazi yangu alikuwa akiuza kuni Kakuma, upande ule wa kambi ambako wakimbizi kutoka Sudan walikuwa wamejenga makanisa yao ya udongo. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kambi ikiwa bado changa, na watu wakizidi kuingia kupitia mpaka wa Nadapal na vyungu vyao kichwani. Vyungu vilihitaji moto. Kila msimu wanawake wetu walilazimika kwenda mbali zaidi kutafuta kuni, na hata huko mbali mti haukosi mwenyewe. Mti uliokauka kando ya laga, ule mto mkavu, una familia yake, na familia hiyo ina wajukuu wenye macho makali na fimbo mkononi. Shangazi alikuwa amegombana na wengi wao, na wengi walikuwa wamekimbia.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi Lodwar. Tungeendelea hivyo hivyo, yeye na kuni zake, mimi na ngeli zangu, kama si yule muuguzi wa Norwe.

Muuguzi huyo alifanya kazi kwenye zahanati moja Lodwar kwa miaka kadhaa, wakati shangazi naye akiishi hapo, kabla hajahamia Kakuma. Walikuwa majirani. Shangazi alimfundisha kukamua mbuzi, na malaria ilipomlaza yule binti, shangazi ndiye aliyekaa kando ya kitanda chake akimkaripia mpaka akapona. Tangu hapo akawa anamwita Mama. Aliporudi kwao Oslo hakumsahau. Yeye na waumini wa kanisa lake wakachanga nauli, akatualika: Mama aje apumzike, nami nije kumsindikiza, kwa kuwa Mama hajawahi kuvuka Kitale.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alitoa wosia mmoja tu.

"Dada, huko usigombane na mtu."

"Wakinisalimu vizuri, nitagombana nao kwa nini?" shangazi akajibu.

Ndege ilipoanza kushuka nilibandika uso kwenye dirisha. Nilitarajia mji mkuu, yaani Nairobi na zaidi ya Nairobi. Nikaona miti. Halafu maji, halafu visiwa, halafu miti tena.

"Mji uko wapi?" shangazi aliuliza.

"Unakuja."

Ulikuja, lakini mdogo, umejibana kati ya bahari na msitu kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kitanda cha watu.

Muuguzi alitupokea kwa machozi. Alikuwa hajasahau Kiswahili chake, ila kilikuwa Kiswahili cha Lodwar, ambacho kina ngeli mbili tu. Nyingine zote zilishukia Kitale zikakataa kuja na joto. Shangazi naye alizungumza hichohicho. Kwa siku zote tulizokaa kule, mimi, mwalimu mwenye cheti, niliishi baina ya wanawake wawili walioelewana kabisa bila upatanisho wowote wa kisarufi.

Mvua ilinyesha karibu kila siku. Kila asubuhi muuguzi alisimama dirishani akiwa na aibu.

"Mama, pole sana. Mvua imekuja tena."

"Asante, mwanangu," shangazi alijibu. "Mungu anapenda nyinyi sana."

Siku ya tatu au ya nne nilijaribu kumweleza shangazi kwamba mwenzake anaomba radhi. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Aombe radhi kwa mvua? Basi akaanza kumwonea huruma, akidhani binti wa watu ana ugonjwa wa kichwa ambao hakuwa nao alipokuwa Lodwar.

Kilichomsumbua zaidi ni salamu. Muuguzi aliishi kwenye jengo la ghorofa nne, lenye ngazi moja kwa wote. Kila tulipopanda au kushuka tulikutana na majirani, na kila jirani alipotuona aliinamisha kichwa akachunguza viatu vyake. Shangazi aliwarushia "Ejok!", salamu yetu ya Kiturkana, kwa sauti ya kuita mbuzi. Wengine walishtuka wakashikilia ukuta.

"Hii nyumba iko na msiba?" alimuuliza muuguzi.

"Hapana, Mama. Ni watu ya kunyamaza tu."

"Mpaka lini?"

Muuguzi alicheka, akatangulia kupanda ngazi.

Jumapili moja mawingu yalifunguka, muuguzi akatangaza kwamba tutakwenda msituni. Nilivaa koti langu la mtumba nililonunua Kitale, lenye mkanda kiunoni, maana nilitaka kufanana na watu wa huko. Shangazi alipewa koti la mvua la manjano. Akalivaa, kisha akavaa shanga zake juu yake, safu kwa safu mpaka kidevuni, akajiangalia kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kule msitu haufuatwi kwa siku mbili. Unapanda treni mjini, kati ya maduka na ofisi, inapanda mlima, na unaposhuka mti unakugusa bega. Treni ilikuwa imejaa watu wa kila umri, wenye mabegi mgongoni na fimbo mkononi. Waliposhuka walitawanyika kwenye vijia.

"Wanaenda kutafuta nini?" shangazi aliuliza.

"Hawatafuti kitu. Wanatembea," muuguzi akasema.

"Wanatembea wanaenda wapi?"

"Hapa tu. Halafu wanarudi."

Shangazi alinigeukia akanena kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, ili asimwaibishe mwenyeji wetu: "Wamepoteza ng'ombe. Hawataki wageni wajue."

Kuanzia hapo shangazi alimpa pole kila aliyepita. Wazee kwa vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, kijana mmoja aliyekuwa akikimbia huku jasho likimtiririka. "Poleni! Mtapata! Mungu yupo!" Nao, sijui ni kwa sababu ya koti, au shanga, au ile huruma ya kweli usoni mwake, walitabasamu. Kumbe msituni watu wa kule husalimiana. Mjini ndiko hawajuani.

Tulichuma matunda madogo ya buluu yanayoota chini kwenye vichaka, na midomo yetu ikawa kama imekunywa wino. Nilikuwa nimeinama hivyo nilipoona shangazi ameacha kuchuma. Mbele yake ulikuwa umelala mti mzima, umeanguka zamani, matawi yake yamesambaa chini. Nyuma yake mwingine. Na mwingine.

"Hii miti ni ya nani?" aliuliza.

"Msitu ni ya watu wote, Mama," muuguzi alijibu kwa fahari. "Hapa kila mtu anaruhusiwa kuingia."

"Watu wote?"

"Wote."

"Basi na mimi."

Kabla hatujaelewa, alikuwa ameshaweka goti juu ya tawi na tawi limeshavunjika. Muuguzi alianza kueleza kwamba ruhusa ni ya kutembea, na kuchuma matunda, na labda uyoga, lakini maelezo yalikuwa marefu na shangazi alikuwa na kasi. Alivunja, akapanga, akanyoosha mkono kwangu bila kuniangalia.

"Mkanda."

"Shangazi, huu ni mkanda wa koti langu!"

"Na unafanya kazi gani hapo?"

Nikautoa. Akafunga mzigo, akaviringisha skafu ya muuguzi ikawa ngata, akajitwika kuni na kuanza kushuka kuelekea stesheni, shingo imenyooka, koti la manjano likimetameta. Muuguzi alinitazama, nami nikamtazama.

"Tumwambie aache?" akauliza.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye unayemwita Mama."

Hakumwambia.

Ndani ya treni nilikwenda kukaa mbali nao, nikafungua ramani ya mji na kujifanya mtalii aliyetoka nchi nyingine kabisa. Watu walitazama ule mzigo, kisha wakatazama madirisha kwa bidii. Akaja mkaguzi wa tiketi, kijana mwenye sare. Alisimama mbele ya kuni akafikiri sana. Muuguzi alinieleza baadaye walichosema. Kijana aliuliza kama huo ni mzigo wa mkononi. Muuguzi akasema ni wa kichwani. Kijana akafikiri tena, akasema kwamba zile mbao ndefu wanazovaa miguuni wakati wa theluji husafiri bure, na kuni hizi hazizidi urefu huo, kwa hiyo safari njema.

Wakati huohuo treni ilikata kona na kipande kimoja kikachomoka, kikabingirika katikati ya behewa hadi miguuni pangu.

"Mwalimu!" shangazi aliita kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Leta hiyo kuni yetu!"

Behewa zima liligeuka. Nikakunja ramani, nikaokota kuni yetu, nikaipeleka.

Nyumbani kwa muuguzi, pembeni mwa sebule, kulikuwa na jiko la chuma la zamani ambalo yeye aliliwekea chungu cha maua juu. Shangazi alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Aliondoa maua, akafungua mlango wa jiko, akafurahi. Muuguzi, ambaye hakuwa amewahi kuliwasha tangu ahamie hapo, alisema vizuri, tuwashe, Mama atuchemshie chai ya Lodwar.

Shangazi amewasha moto tangu utotoni, lakini juu ya mafiga, chini ya anga. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba bomba la moshi lina kifuniko, na kwamba kifuniko kilikuwa kimefungwa. Tena zile kuni, baada ya mvua zote zile, zilikuwa zimelowa hadi kwenye moyo. Moshi ulitoka mlangoni mwa jiko kwanza taratibu, kisha ukatoka kama kondoo wanapofunguliwa zizi. Tulikohoa. Tukafungua mlango wa kwenye ngazi ili moshi upate njia, nao ukaipata, ukapanda hadi ghorofa ya juu, na kengele ya hatari ya jengo zima ikaanza kulia.

Walitoka wote. Milango ambayo sikuwahi kuiona ikifunguka ilifunguka. Kulikuwa na mama aliyekumbatia paka, bwana mwenye taulo kiunoni na povu kwenye nywele, wanafunzi wawili wenye sahani za chakula, na mzee mmoja wa ghorofa ya chini aliyevaa suti kamili. Tulikusanyika sote uani. Muuguzi alikuwa mwekundu kama nyanya, akiomba radhi kwa huyu na yule.

Shangazi alisimama mlangoni, akautazama umati ule, na uso wake ukafunguka.

"Sasa!" alisema. "Sasa wamekuja kusalimia!"

Akaanza upande mmoja. Alimshika kila mtu mkono, kwa mikono yake miwili, akautikisa. "Ejok! Ejok!" Bwana wa taulo alitoa mkono mmoja na kushikilia taulo kwa mwingine. Mama wa paka aliitikia "Ejok," kwa woga, kisha akarudia vizuri zaidi. Gari jekundu la zimamoto lilipofika, likilia, wanaume wakubwa wakaruka na kofia zao za chuma, nao wakasalimiwa mmoja mmoja kabla ya kuruhusiwa kupanda.

Mzee wa suti ndiye aliyekifungua kile kifuniko. Alishuka na ukuni mmoja mkononi, akampa muuguzi maneno machache ya kututafsiria.

"Anasema hii kuni ni mbichi," muuguzi alisema.

"Mwambie mimi nimeuza kuni tangu yeye ni kijana."

Mzee hakubishana. Alituita kwenye chumba chake chini ya jengo, akawasha taa. Ukuta mzima ulikuwa kuni, zimepasuliwa sawasawa na kupangwa bila pengo, nyeupe kama mifupa. Alichukua mbili akazigonganisha. Zililia kama kengele. Shangazi alizipokea, akazigonga, akazinusa, akazigonga tena.

"Muulize zimekauka miaka ngapi."

"Mbili."

"Na hakuna mtu ameiba?"

Muuguzi aliuliza. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwambie ameshinda," shangazi akasema.

Siku zilizobaki alikuwa akishuka kwa yule mzee kila alasiri. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Walikunywa kahawa na kugonganisha kuni. Mama wa paka naye akaanza kufika, na mara moja niliwakuta wanafunzi wale wawili wamekaa sakafuni, shangazi akiwafundisha kusuka kikapu kwa kamba za plastiki.

Tuliporudi nilikuwa na mengi ya kusimulia: ikulu ya mfalme, meli, makumbusho. Hakuna aliyeyataka. Watu walimtaka shangazi. Alikaa Kakuma kando ya mafungu yake ya kuni akaeleza jinsi jengo zima lilivyotoka kumlaki, na serikali nayo ikatuma gari jekundu lenye kengele. Nilikuwepo, lakini sikumsahihisha. Wanawake wenzake waliamini habari ya gari. Waliyoikataa ni ya kuni kulala chini bila wa kuziokota. Hapo walisema anadanganya.

Mteja wake mmoja, mama wa Kidinka aliyekuwa amejiandikisha kuhamishiwa ng'ambo na kila Jumapili akiombea safari hiyo kanisani, alichuchumaa akasikiliza hadi mwisho.

"Mimi naweza kupelekwa hiyo nchi," alisema. "Niambie kweli. Iko na maji?"

"Mpaka wanalalamika."

"Nyasi?"

"Mpaka kwenye paa."

"Na ng'ombe? Umeona ngapi?"

Shangazi alifikiri. Alitaka kumsaidia, niliona.

"Kwa macho yangu, hakuna hata moja. Wanatafuta."

Yule mama alisimama, akajitwisha kuni zake, akatengeneza ngata vizuri.

"Basi," alisema, "mimi nitangojea Kanada."